Alhamisi ya Mama Lila

Mimi sikwenda bungeni kushangaa dari. Nilikwenda kwa sababu Griffins alisema basi ni la bure, chakula kipo, na Mama Lila hawezi kutembea mbali bila mtu wa kumshika mkono. Mtu huyo ni mimi, Eufrasia, mstaafu wa wodi ya wazee. Magoti mabovu, mdomo mzima.

Griffins ndiye meneja wa kituo chetu cha wazee huku kaskazini mwa London. Mkenya, mpole, tai shingoni kila siku ya Mungu. Mwezi uliopita alitukusanya akatutangazia kwamba shirika linaloendesha kituo limeamua kukifunga, jengo ligeuzwe fleti. Kabla hatujalimeza hilo, akasema shirika limetuandalia ziara ya Bunge, kama asante. Asante! Mtu anakunyang'anya sahani, halafu anakuonyesha picha ya wali.

Sasa nikwambie kwa nini lilinichoma. Alhamisi pale kituoni ni siku yetu ya Kiswahili. Tunakuja watu wa bara, wa Zanzibar, Wahindi wa Tanga na Mombasa. Tunapika pilau, tunacheza karata, tunataniana mpaka mbavu zinauma. Mama Lila kazaliwa Tanga, kakulia nyuma ya kaunta ya duka la baba yake. Siku hizi ana ugonjwa wa kusahau. Kiingereza kimemtoka chote. Kigujarati alikuwa akizungumza na mumewe, Chaman, na Chaman alipofariki kikaondoka naye. Kimebaki Kiswahili cha utotoni. Nyumbani anakaa dirishani, hasemi na mtu. Mwanawe Alkesh, mtoto mwema kweli, Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo" na "chai". Siku moja alinishika mkono mlangoni, macho mekundu, akaniambia kwa Kiingereza chake, "Aunti, mama yangu ninaye Alhamisi tu. Siku nyingine sijui yuko wapi."

Hiyo ndiyo Alhamisi wanayotaka kuigeuza fleti.

Ziara ilikuwa Jumatano asubuhi. Kwenye ukaguzi Mama Lila akamwambia mlinzi, "Polepole baba, mie si gunia." Tukapita ukumbi wa mawe wenye baridi ya kuua, tukaonyeshwa viti vya kijani vya wabunge, tukaambiwa marufuku kukaa. Mzee Thadei, ambaye nyonga yake moja ni ya chuma, akauliza, "Hata kidogo?" Hata kidogo. Haya.

Mwongozaji wetu, mama mchangamfu mwenye miwani, akatufikisha ukumbi wa katikati, masanamu kutoka chini mpaka juu. Akasema kwa sauti ya madaha, "Hapa pana haki ya zamani sana. Mwananchi yeyote anaweza kuingia, bila miadi, akaomba mbunge wake aitwe aje amsikilize." Watu wakapiga picha. "Haya, twende upande huu."

Mimi sikwenda.

"Samahani, mama," nikamwambia. "Hiyo haki bado ipo, au ilikuwa ya enzi hizo?"

Akacheka. "Ipo hadi leo."

"Basi na mimi nipo. Naombea wapi?"

Loo, ungeuona uso wa Griffins! Alinijia mbio. "Mama Eufrasia, wacha hayo, basi linatungoja. Haya ni matembezi tu."

"Matembezi umenileta wewe. Nimeambiwa mlango uko wazi, nami naingia."

Akaninong'oneza sikioni. Shirika linataka picha ya wazee wakitabasamu chini ya yale masanamu, waiweke kwenye ripoti yao. Tukileta fujo, na yeye kazi hana. Nilimwonea huruma, sikatai. Lakini nilipomtazama Mama Lila, huruma yangu kwa Griffins ikaisha. Picha ya kutabasamu! Yaani watuzike, na sisi tuwachekee!

Nikamkalisha Mama Lila kwenye benchi la pembeni, nikakaa naye. Benchi hilo hakuna aliyesema ni marufuku. Mzee Thadei akaona nafasi, akajitupa. Wengine wakafuata na mikoba yao. Mwongozaji akatutazama, akamtazama Griffins, akaamua si kazi yake.

Kisha nikaenda meza ya mapokezi, nikapewa kikaratasi cha kijani, nikajaza jina langu na la mbunge wetu. Afisa akasema kwa adabu kwamba kikao hakijaanza, tena mbunge anaweza asije kabisa.

"Tutasubiri."

"Huenda ikachukua muda mrefu."

"Mwanangu, nimefanya kazi hospitali. Kusubiri nakujua."

Mwenzetu Gladness akatoa maandazi kwenye mkoba, yakapita chini kwa chini. Mara askari akapaza sauti: wageni, vueni kofia! Msafara wa Spika unapita. Watalii wakasimama wima. Mama Lila akanivuta mkono. "Asemaje yule?"

"Anasema wageni wavue kofia."

"Wageni gani?"

"Sisi."

Akatazama huku na huku, akakishika kitambaa chake cha kichwa. "Mie niko hapa toka Alkesh ananyonya," akasema kwa sauti. "Mgeni nani?" Hakukivua. Nami kilemba changu nikakikaza. Miaka yote hii nimewaogesha mama zao na baba zao mpaka siku ya mwisho, leo niitwe mgeni? Msafara ukapita mbele yetu, viatu vinang'aa, na sisi tumekaa kitako.

Saa zikaenda. Simdanganyi mtu, nilishaanza kukata tamaa mbunge alipotokea, mrefu, mafaili kwapani. "Nina dakika chache," akasema. "Nani msemaji wenu?"

Wote wakanitazama. Nami nilikuwa nayo maneno, nimeyanoa tangu asubuhi. Lakini kabla sijafumbua mdomo, Mama Lila alishamkamata mkono wa koti.

"Baba, naitaka Alhamisi yangu."

Mbunge akanigeukia. Nikatafsiri. Akamwinamia, akatabasamu lile tabasamu la kuwafanyia watoto. "Lakini bibi, Alhamisi ni kesho!"

Hapo nikasimama. Nikamweleza kituo, pilau, dirisha, Alkesh mlangoni. Akasikiliza, sitamsingizia. Kisha akasema lile ni shirika binafsi, yeye ataandika barua, hawezi kuahidi lolote.

"Andika," nikamwambia. "Na sisi hatuombi ahadi. Haki hii leo tumeelezwa na watu wenu wenyewe. Kituo kikifungwa, Alhamisi yetu tutaifanyia hapa. Kila wiki. Tutakaa benchi hili hili, tutaongea Kiswahili chetu mpaka mfunge, na kila mmoja wetu atakuita kwa jina. Kuja si lazima. Sisi tutakuwepo."

"Mtachoka, mama."

"Mimi nusu yangu chuma," akasema Mzee Thadei.

Griffins alikuwa amesimama mbele yetu, simu juu, tayari kwa picha yake. Akatutazama kwenye kioo cha simu, hakuna hata mmoja aliyetabasamu. Akaishusha, akaitia mfukoni. Akafungua tai. "Songeni kidogo," akasema, akakaa katikati yetu.

Mama Lila akaupapasa ule mto wa benchi, akainua macho mpaka kule juu kwenye masanamu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

"Pazuri," akasema. "Jiko tutaliweka wapi?"

Nikamtafsiria mheshimiwa, neno kwa neno.