Ukikataliwa, Ruka

Katika shirika moja la usambazaji, pale Posta, mkubwa akisafiri alisafiri na funguo. Za kabati la mihuri, za stoo ya karatasi, hata za choo cha ghorofani, zote zilikwenda Dodoma ndani ya mfuko wa suruali ya Ndugu Gaudens, mkuu wa idara, na waliobaki wakanywa chai mpaka arudi. Kompyuta ilipoletwa, kitu cha kwanza na cha mwisho alichojifunza Ndugu Gaudens ni kuifunga.

Aliyeumia ni Klara, mwendeshaji wa mashine hiyo. Kila mwezi aliiandikia amri: fungua faili la maduka ya Temeke, gawa sukari, chapa hati, fungua la Ilala, gawa, chapa, hivyo hivyo mpaka la Kariakoo. Bila hati, lori halitoki ghalani. Likitokea faili moja limefungwa kwa jina la bosi, mashine humjibu kwa Kizungu kwamba hana ruhusa, kisha husimamisha kazi nzima. Mji mzima unakosa sukari kwa ajili ya mtu mmoja aliyeko safarini.

Klara akachoka. Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia akaongeza mstari kwenye amri zake: ukikataliwa, ruka, endelea na linalofuata. Na kwa kuwa alipenda kazi ionekane safi, akaongeza na mwingine wa kuchapwa mwishoni: kazi imekamilika, hakuna kosa. Siku hiyo mashine ilifanya kazi bila kukwama, wenzake wakampongeza, naye akavimba kichwa, tusimfichie. Faili la Kariakoo lilikuwa limefungwa, maana kila mwenye cheo mjini ana shemeji yake Kariakoo na Ndugu Gaudens hakutaka liguswe akiwa hayupo. Mashine ikaliruka kimya kimya, kama ilivyoambiwa.

Na Kariakoo ndiko alikolala Klara. Alipotoka Masasi hana ndugu mjini, Mzee Nassibu na mkewe Bi Zamda walimpokea, wakampa chumba cha uani na kumwita mwanangu. Mzee Nassibu ndiye aliyekuwa muuzaji wa duka la ushirika la mtaa wao. Asubuhi ya siku ya mgao, Klara alikuta mawe yamepangwa mlangoni pa duka, kila jiwe limeshika nafasi ya mtu kwenye foleni, na wenye mawe wamesimama pembeni wakinung'unika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Lori halijafika. Huko kwenu kuna tatizo?"

"Hakuna, baba. Kazi yote ilikamilika, karatasi nimeiona mwenyewe."

Aliyasema kwa sauti, mbele ya watu, kwa sababu alitaka wajue kwamba kazi ile ni yake. Akaenda zake kazini. Nyuma yake foleni nzima ikamgeukia Mzee Nassibu: kama huko kazi ilikamilika, basi sukari ameificha yeye.

Ulikuwa mwaka ule wa kuwasaka wahujumu uchumi. Watu wazima walikuwa wakitupa sabuni mitaroni usiku ili wasikutwe nazo. Mgambo walipolipekua duka walikuta nusu gunia la sukari nyuma ya ndoo za mafuta. Mtaa mzima ulilijua gunia lile. Ilikuwa sukari ya misiba; kila mgao Mzee Nassibu alitenga kidogo, ili nyumba ikifiwa pasikosekane chai ya matanga. Waliosimama pale walikuwa wamekwisha kuinywa chai hiyo kwenye misiba ya mama zao. Hakuna aliyefungua mdomo kumtetea. Mwanamke mmoja, ambaye hata arobaini ya mumewe ilikuwa haijafika, alisema yeye alishuku siku nyingi. Mzee Nassibu akapelekwa rumande.

Klara alipopata habari alirudi mbio kwenye mashine, akaondoa mstari wake, akairudia kazi. Mashine ikamwambia hana ruhusa ya faili la Kariakoo.

Ndugu Gaudens aliporudi, Klara alimweleza kila kitu. Bosi alisikiliza huku akichezea funguo zake.

"Karatasi inasema hakuna kosa," akasema.

"Maneno hayo nimeyaandika mimi, Ndugu. Mashine haijui kitu."

"Basi nenda ukaseme. Watakuuliza nani aliyeharibu mgao wa Ramadhani, utawaambia ni wewe. Benchi la washtakiwa alilokalia huyo mzee wako lina nafasi."

Klara aliogopa. Alirudi nyumbani, na Bi Zamda akamtengea futari, uji usio na sukari na muhogo, akimsihi ale kwa kuwa amekonda. Alikula. Alikula siku iliyofuata, na nyingine, akijua.

Aliposhindwa kuvumilia alikwenda kwenye kikao cha uchunguzi, akaomba aandikwe shahidi. Karani akamtaka kibali cha mkuu wake wa kazi.

"Amesafiri tena," akasema Klara. "Funguo za kabati la mihuri anazo mwenyewe."

Karani akamgeukia mwenyekiti. "Huyu mzee wa Kariakoo, shahidi wake hana ruhusa."

"Mruke huyo," akasema mwenyekiti bila kuinua macho. "Tuendelee na anayefuata."

Mzee Nassibu akainuliwa kwenye benchi, arudishwe rumande. Alipompita Klara alimtikisia kichwa kidogo, kama baba anayemtuliza mtoto. Hilo ndilo lililomvunja. Nje ya geti Bi Zamda alikuwa amesimama na kifurushi cha nguo safi za mumewe, na Klara akamwambia yote palepale, tangu ule mstari mpaka maneno aliyoyasema mbele ya foleni.

Bi Zamda alikaza fundo la kifurushi.

"Na futari yangu ulikuwa ukila huku unajua?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi si mama yako."

Jioni Klara alikuta mlango wa nyumba umepigwa komeo. Nguo zake zilikuwa barazani, zimekunjwa vizuri, kwa kuwa Bi Zamda hakuwa mtu wa kutupa vitu. Akabisha hodi. Ndani alisikia vikombe vya futari, na mtu akiomba apishwe mkekani. Akabisha tena, kisha akakaa chini karibu na nguo zake.