Mizinga ya Kumuaga Konsuli

Wino wa neno "alimpiga" ulikuwa haujakauka Bwana Pelling, katibu wa gavana, alipoliwekea kidole.

"Hili tuliache, Lau. Andika kulitokea purukushani, mbeba machela akaanguka."

"Mwenzake aliyebeba nyuma ameapa, bwana. Aliiona fimbo ikishuka kichwani mara mbili."

"Najua alichokiona. Lakini yule ni konsuli. Tukimshtaki, serikali yake itanuna, na nusu ya meli za bandari hii ni zao. Ataondolewa kimya kimya. Niamini."

Lau Kwan-yiu alikuwa mkalimani wa serikali ya Hong Kong kwa miaka kumi na miwili, na alijua wali wake unapikwa kwenye jiko la nani. Akaandika purukushani. Mwandiko ukatoka mzuri kama siku zote, na hilo ndilo lililomuuma.

Marehemu aliitwa Fung Tak-wing. Aliteleza kwenye ngazi za mawe siku ya mvua, machela aliyokalia konsuli ikainama, kofia yake ikaangukia matopeni. Kwa kofia tu, mtu akauawa. Mama yake, mfua nguo wa mtaa wa Tai Ping Shan, hakudai fidia wala kitanzi. Alidai ambacho yeyote wa mtaa ule angedai: mkosaji aje mlangoni pake mchana kweupe kuomba radhi, atundike kitambaa chekundu, amimine chai, kisha awashe fataki majirani wasikie. Bila hivyo mwanawe angebaki midomoni mwa watu kuwa ni mlevi aliyejiangukia mwenyewe.

Lau alilipeleka ombi hilo kwa maandishi. Pelling alilisoma mara mbili, akavua miwani. Hakucheka.

"Akiwasha hata fataki moja, amekiri. Mwambie mama wa watu kwamba serikali inalishughulikia."

Basi likashughulikiwa. Barua zilikwenda Peking kwa balozi wa nchi ile, zikarudi, kila moja ina adabu kuliko iliyotangulia. Wiki ya saba konsuli akaitwa kwao, eti afya yake haiafikiani na joto.

Asubuhi ya safari hiyo Lau alipanda Tai Ping Shan kumwambia mama ukweli. Alikuwa ameupanga ulimini tangu alfajiri. Alimkuta mlangoni, ameinamia beseni la mashuka.

"Karibu, mwalimu Lau. Mbona umekonda? Hao Wazungu wako hawakulishi?"

"Wananilisha, mama. Nimekuja kwa ile habari ya..."

Mzinga ukalia bandarini. Ukafuata wa pili, madirisha yakatetemeka. Ilikuwa heshima ya kumuaga konsuli, mizinga saba, kama taratibu zinavyotaka. Mama Fung alisimama, mikono ikichuruzika povu, mpaka wa mwisho ulipolia. Ndipo machozi yakamtoka.

"Saba," alisema. "Na leo ndiyo siku ya arobaini na tisa tangu mwanangu afe, saba mara saba, siku roho inapovuka. Wamejua hata siku." Akawageukia majirani waliokuwa wamechungulia. "Mmesikia? Mlisema alilewa. Fataki ni za watu wa mtaani. Mwanangu ameombwa radhi kwa mizinga."

Bibi mmoja, aliyekuwa kinara wa umbeya ule, akainamisha kichwa. "Tumesikia, mama Tak-wing. Nasi utuwie radhi."

Lau naye akainamisha chake, ukweli akauacha ulimini. Kwa uongo wote wa nyuma alikuwa amelipwa mshahara. Huu ulikuwa wa bure, na ulimchoma kuliko yote.

"Mwandikie mwanangu," mama akasema, akimletea brashi ya kuandikia na karatasi. "Tumchomee barua imfikie leo, kabla hajavuka. Mwambie wamekiri."

Lau akachuchumaa, akaiweka karatasi gotini. Akaandika: Alikupiga kwa fimbo mara mbili kichwani. Mwenzako aliona, akaapa. Mimi ndiye niliyefuta. Hakuna aliyekiri. Chini yake akatia jina lake kamili.

"Nisomee," mama alisema. Hakujua kusoma.

"Tak-wing," Lau akasoma, "wamekiri wote. Nenda salama."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaitia moto, akawa anaipuliza polepole ili isibaki hata kona.