Bangili ya Saizi M

Bi Mwatum aliamini kila kitu kinaweza kumsaliti mtu, isipokuwa jicho lake. Akikutazama mara moja tu mlangoni anajua gauni lako litakula yadi ngapi, na ukibisha anakuletea futi ujionee. Kwa hiyo Hilal alipomwambia kwamba amepata mchumba Chumbageni, hakuwa na wasiwasi. Alifungua kabati, akatoa bangili zake mbili za dhahabu alizotoka nazo Pemba akiwa bibi harusi, akampelekea sonara aziyeyushe apate moja nzito ya mkwe.

Hilal hakuwa wa kumzaa. Alikuwa mtoto wa kaka yake, aliyefiwa na mama akiwa bado ananyonya, na Bi Mwatum, ambaye Mungu hakumjaalia wa tumboni mwake, ndiye aliyemlea mpaka akaota ndevu. Hilal alimwita shangazi, naye hakuwahi kudai zaidi. Lakini watu wana midomo. Jirani mmoja alisema kisimani, akijua anasikika: "Sanduku la kijana asiye na mama halikosi kasoro." Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa changu. Aliapa kwamba siku ya kupeleka sanduku la zawadi kwa kina bibi harusi, hakuna mwanamke atakayepata pa kunyanyulia nyusi.

Sasa, katika ukoo wao bangili ya mkwe haina kibanio. Ni duara zima, na aliyemlea bwana harusi ndiye humvika bibi harusi mbele ya wanawake wote. Na bibi harusi hatakiwi kuijua mpaka saa hiyo, kwa hiyo kumpima mkono au kumuuliza ni mwiko. Basi Bi Mwatum alikwenda kusalimia, akanywa chai, akajifanya anarudisha vikombe jikoni.

Nyumba ile ilikuwa ya kusaga pilipili za kuuza, na Suhaila, bibi harusi mtarajiwa, ndiye aliyekuwa akizikata. Glavu zake za mpira, za bluu, zilikuwa zimetundikwa dirishani. Bi Mwatum akageuza ukingo wa mojawapo, akaona herufi M. Moyo ukamtulia. Glavu zake mwenyewe za kuoshea vyombo, zile za njano, nazo zilikuwa M. "Mkono wangu huuhuu," akajisemea, akajipangusa jasho usoni kwa vidole vilevile vilivyoshika glavu ile.

Pilipili haina adabu. Alirudi ukumbini macho yanachuruzika, pua nyekundu, hawezi kusema. Bi Rahila, bibi yake Suhaila mzaa mama, akamkumbatia. "Masikini, anamlilia mkwewe kabla hajamchukua." Hadithi hiyo ikazunguka mtaa mzima, na Bi Mwatum hakuona sababu ya kuikanusha. Kesho yake alimwambia sonara aichonge bangili kwa kipimo cha mkono wake yeye.

Asubuhi ya siku ya sanduku, glavu zake za njano zilichanika. Hilal akakimbia dukani, akamletea nyingine. Zilikuwa za bluu, M, chapa ileile ya Suhaila. Bi Mwatum alizivaa, akaingiza mikono kwenye beseni, na maji yakaingia kwa juu kama yanaingia kwenye ndoo. Vidole vya glavu vilimning'inia mbele. Akazitazama, akaelewa, akaketi chini palepale kwenye sakafu yenye maji.

"Yarabi! Mwenye M hii ana mkono mkubwa kuniliko mie."

Alimpigia sonara. Sonara alikuwa Maramba, mazikoni, harudi mpaka keshokutwa. Akachukua buibui, akaenda kwa Rahimu, mwenye duka pale Ngamiani, akataka kila glavu yenye M. Za njano zilimkaa sawasawa. Za bluu zilimpwaya. Akapasua pakiti ya waridi, na hizo zikambana mpaka ncha za vidole zikawa nyeupe.

"Rahimu, hii M ni ya nani hasa?"

"Bi Mwatum, kila kiwanda kina mkono wake. Mie nauza tu."

"Muongo mkubwa weye na viwanda vyako!"

"Sawa, ila hizo za waridi umeshazipasua, mama. Nenda nazo."

Alizitia mkobani kwa hasira. Kuahirisha sanduku kusingewezekana, wali ulikuwa umeshapikwa. Akaenda.

Baada ya alasiri ukumbi wa Chumbageni ulijaa hadi barazani. Sanduku lilifunguliwa, kanga zikahesabiwa, viatu vikasifiwa, manukato yakapita pua kwa pua. Wote walipenda kila kitu, na kila waliposifu Bi Mwatum alizidi kujisikia vibaya. Ikafika zamu yake. Suhaila akanyoosha mkono, akaona dhahabu ile, akavuta pumzi kwa mshangao. Bangili ikapita vidole, ikafika kwenye kifundo cha dole gumba, ikagoma.

Bi Mwatum akasukuma. Suhaila akauma mdomo. Mtu mmoja nyuma akasema, "Eeh," ile eeh fupi yenye maneno mengi ndani.

Aibu ilimshuka Bi Mwatum toka utosini. Aliona miaka yote aliyomlea Hilal, homa alizomkesha, sare alizomshonea, vyote vimeishia kwenye kifundo cha dole gumba. Akapekua mkobani kutafuta leso, glavu za waridi zikaanguka mkekani.

"Shangazi, hizi za nini?" Suhaila akauliza.

Hapo akachoka kuficha. Akasema yote: kuingia jikoni, herufi M, za bluu, za njano, Rahimu na viwanda vyake. "Na yale machozi," akamalizia kwa sauti ndogo, "yalikuwa ya pilipili. Nisameheni. Nimewadanganya mkanipenda bure."

Suhaila alijaribu kujizuia. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha akapasuka kwa kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata, mpaka yule wa eeh akajifuta macho. Bi Mwatum mwenyewe hakujua anacheka au analia. Lakini mikono yake ilikuwa imeshaokota glavu ya waridi, na jicho lake, lile jicho, likaona.

"Leteni mafuta ya nazi," akasema. "Na poda."

Akamwaga poda ndani ya glavu. Wanawake wawili wakamshika Suhaila bega, wa tatu akavuta, wakahesabu moja mbili tatu kama wanaokokota ng'ombe, mpaka glavu ikaingia. Ikamfinya mkono wote, nyama ikakusanyika, dole gumba likalala. Bi Mwatum akapaka mafuta juu ya mpira, akaweka bangili, akasema bismillahi. Ikateleza mara moja, ikapita kifundo, ikatua mahali pake. Kuichomoa glavu chini ya bangili ilikuwa kazi nyingine, ilitoka kwa mlio ambao bibi harusi hapaswi kuutoa mbele ya wageni, na vigelegele vikaufunika.

Suhaila akaizungusha bangili. "Shangazi, hii haitoki tena."

"Nani kakwambia itoke?"

Bi Rahila aliitazama bangili ile, akamtazama Bi Mwatum. Sasa akanyanyua mkono, ukumbi ukatulia, na Bi Mwatum akajikaza kupokea alichostahili.

"Mnamwita shangazi," akasema bibi yule. "Shangazi angemuuliza Hilal, au angetuma mtu, yakaisha. Mwanamke wa kuingia jikoni kwa watu kuiba kipimo, akaingiwa na pilipili machoni akanyamaza nayo, nani huyo? Huyo ni mama wa mtoto. Suhaila, mpe mkono mavyaa yako, mama mkweo."

Suhaila akainama, akampa mkono wenye bangili. "Shikamoo, mama."

Bi Mwatum akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Machozi yakamshuka mengi kuliko ya siku ile jikoni, na safari hii hakuwa ameshika pilipili.