Alama ya Kulwa

Kifua changu ni kizima. Naanza na hilo kwa sababu mtaa mzima wa Gongoni, hapa Tabora, unaamini nina kifua. Mama Martha wa jirani amenipikia tangawizi hadi nimeichukia, na mwaka jana alinikokota mpaka hospitali ya Kitete nikapimwe makohozi. Majibu yalipotoka safi, akasema basi nimerogwa.

Nakohoa kwa sababu Fundi Issa haoni.

Fundi Issa ni mhunzi wa visu, na kila kisu chake kina mtu wake. Mteja akifika, fundi anamshika mkono kwa muda mrefu, anamuuliza habari za watoto, za mvua, za wagonjwa, na watu wanamsifu kwa ukarimu. Ukarimu gani! Anapima kiganja. Akiuachia mkono ameshajua mpini uwe mnene kiasi gani na uzito wa kisu ukae wapi. Mimi mwenyewe alinipima hivyo miaka sita iliyopita, nilipotoka kwetu Nzega, baada ya wahunzi wawili kunicheka kwa kuwa mwanamke. Yeye hakucheka. Alinishika mkono, akasema, "Nyundo ya kilo moja na nusu itakutosha," akanionyesha tanuri. Hilo sijalisahau, na ndilo linalonifunga.

Kazi ya kisu iko kwenye rangi. Ukishakifua chuma cha springi ya lori la Fuso na kukitosa kwenye mafuta, kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama kioo. Inabidi ukisugue king'ae, ukirudishe juu ya makaa taratibu, na ukikodolee macho. Kinaanza njano hafifu, kinakuja asali, halafu kahawia, halafu buluu. Kisu cha bucha hutolewa kwenye asali. Ukichelewa kidogo tu kimelegea, unaanza upya.

Mwaka wa tatu nilimwona fundi akitoa kisu kikiwa buluu kabisa, huku akisema kwa furaha, "Asali hiyo!" Nilidhani ananitania. Nikacheka. Akanigeuzia uso, na macho yake yakatua kwenye ukuta nyuma yangu. Ndipo nikaelewa.

Aliniambia siku hiyohiyo. Macho yana presha. Daktari amemwambia kilichopotea hakirudi, wanaweza tu kulinda kilichobaki, nacho ni kidogo. "Wateja wakijua, nimekwisha," akasema. "Ukinitajia rangi kwa mdomo watasikia. Wewe kohoa." Kikohozi kimoja, bado. Viwili, toa. Nikakubali bila kufikiri, na tangu hapo mimi ni macho ya mtu mwingine.

Hapo karakanani kuna desturi ya kufunguliwa mkono. Mwanafunzi akiiva, fundi anamtangaza siku ya Ijumaa mbele ya wateja watatu, anampa nyundo, na kuanzia hapo anagonga alama yake mwenyewe kwenye visu. Kabla ya hapo, hata ukifua upanga wa malaika, unagongwa alama ya fundi, ambayo kwa Fundi Issa ni mwezi mwandamo. Wenye mabucha wa Tabora hawanunui kisu cha mtu ambaye hajafunguliwa. Wanamwita mwizi wa kazi.

Nilikuwa nimeiva tangu mwaka wa nne. Nikauliza. Baada ya Ramadhani, akasema. Ramadhani ikapita. Baada ya mvua. Mvua zikaisha. Nikiudhika ananisimulia jinsi babu wa babu yake alivyonoa majambia ya misafara iliyokuwa ikienda Ujiji. Kila mzee wa Tabora ana babu aliyeongoza msafara. Sijasikia hata mmoja mwenye babu aliyebeba mzigo. Basi babu zangu walibeba, na naona kazi imenirithi.

Mwezi uliopita pacha wangu Doto akapiga simu kutoka Nzega. Amepata kibanda karibu na stendi, paa zima, mahali pa tanuri pameshachimbwa. Mwenye kibanda anakishikilia mpaka mwisho wa mwezi. "Njoo Kulwa," akasema. "Unasubiri nini huko? Azeeke akurithishe kodi ya pango?"

Nikaingia karakanani na hasira zangu zote. Nikamwambia fundi: mwezi huu, au naondoka bila kufunguliwa.

Akapapasa kwa kidole fuawe, kile chuma tunachofulia visu. "Nurdini wa bucha ameagiza kisu," akasema mwishowe. "Kipige peke yako, mwanzo hadi mwisho. Gonga alama yako. Akikikubali, Ijumaa nakufungua."

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha vile. Nurdini nilimshika mkono mwenyewe; kidole chake cha shahada kilikatika zamani, kwa hiyo nikaupinda mpini wa mninga ukae kwenye vidole vinne vilivyobaki. Kwenye asali sikukohoa. Nilikitoa nikiwa nimefunga mdomo, nikaona ajabu jinsi kifua kilivyo chepesi. Kwenye bapa, karibu na mpini, nilikuwa nimeshagonga mistari miwili, mmoja wangu na mmoja wa Doto.

Ijumaa, baada ya swala, Nurdini akaja na wenzake wawili.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, karibuni."

Nurdini hakukaa. "Fundi, sisi ni watu wa siku nyingi, nisikufiche. Huko sokoni wanasema macho yako yamekwisha. Wanasema visu siku hizi vinapigwa kwa kubahatisha. Hawa wenzangu wamekuja kuona kwa macho yao. Kisu kikiwa kibovu, tunahamia kwenye visu vya Kichina, utusamehe."

Nilimtazama fundi. Shingo ilikuwa imemsimama. Nikampa kisu. Akakipokea, kidole gumba kikashuka taratibu kwenye bapa hadi kwenye mistari yangu miwili, na hapo kikasimama. Kilisimama muda mrefu. Alijua. Naapa kwa Mungu alijua ni cha nani.

"Wanasema sioni?" akacheka. "Basi shika. Hiki nimekipiga kwa mkono wangu huu."

Nurdini akakishika, akashtuka jinsi kilivyomkaa. Akagonga mfupa wa paja waliokuja nao, mara tatu. Akapitisha makali kwenye karatasi. Wenzake wakainama kutafuta pengo. Hapakuwa na pengo. Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Mimi nilikuwa nimesimama pale kando ya tanuri na njaa yangu.

"Subhanallah," akasema Nurdini. Kisha akakigeuza. "Ila fundi, mwezi wako uko wapi? Hii mistari miwili ni ya nani?"

Fundi akanigeuzia uso, akanikosa kidogo, akawa anautazama mlango. Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Neno moja tu lingetosha, la kweli, na jioni hiyo ningekuwa kwenye basi la Nzega. Naye angebaki mzee kipofu mwenye tanuri baridi, na mwongo juu ya hayo, mbele ya watu wa msikiti wake.

"Ya fundi," nikasema. "Amebadilisha alama mwaka huu."

"Ahaa!" Nurdini akampiga fundi begani. "Basi sisi watatu tunataka kila mtu kimoja kama hiki, na mistari iwemo. Tusije tukauziwa bandia."

Walipoondoka fundi alikaa kwenye kigoda, mikono magotini. "Kulwa," akaita.

Nikatoka nje nikampigia Doto, nikamwambia amwachie mtu mwingine kile kibanda.

"Kwa nini? Kisu kimekataliwa?"

"Hapana," nikasema. "Kimekubaliwa."

Akasahau la kibanda, akapiga kigelegele hukohuko stendi, akaanza kuwaita watu, nami nikakata simu kabla hajauliza nafika lini.