Upepo Unaorudi Nyuma ya Gari

Tangu asubuhi tulikuwa kwenye benchi ya hospitali pale Kitale, tukingoja mama mkwe aruhusiwe kwenda nyumbani. Ile kungoja ambayo hata ukiitwa jina, unachukua muda kukumbuka ni lako. Alikuwa ameanguka kwa dadake Kiminini akavunjika mguu, na sasa mguu mzima ulikuwa ndani ya plasta, umenyooka kama mwiko wa kusonga ugali wa matanga.

Angetoshea vizuri kwa kiti cha nyuma, mgongo kwa mlango mmoja, mguu juu ya kiti. Lakini sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Tangu nimuoe Phelista sijawahi kumpa mamake mkono, na uso wake nilikuwa nimeuona tu kwa mbali, kwa haraka, kama mtu anayepita na pikipiki. Sasa atakaaje nyuma ya shingo yangu mpaka Kabuchai?

Basi tukalaza viti vya nyuma, tukatandika godoro, wauguzi wakamwingiza kupitia buti. Plasta ikatokeza nje. Buti ikakataa kufunga, nikaishika na kamba, ikabaki imefunguka kiasi. Phelista akatundika leso nyuma ya viti vyetu viwili ili nisimwone mamake hata kwa kioo.

"Muulize mama kama yuko sawa," nikasema.

"Mama, ati uko sawa?"

"Mwambie dereva afunge madirisha," mama akajibu, na hatukuwa mbali hata mita mbili. "Hii baridi ya Kitale itanimaliza kifua kabla mguu upone."

"Baba Kevin, amesema—"

"Nimesikia. Si niko hapa?"

"Hujasikia mpaka nikuambie."

Nikafunga yote.

Tulipita Kiminini. Kichwa kilianza kuniuma, nikajua ni ile benchi. Nikapiga miayo mpaka machozi yakatoka. Macho yalikuwa mazito, mikono mizito, hata kubadilisha gia ilikuwa kama kusukuma ng'ombe atoke zizini.

"Muulize mama kama atakunywa soda Kamukuywa."

Phelista hakujibu. Nikamgusa bega.

"Mh? Kichwa, bana. Kinanigonga."

"Na mama?"

"Si amelala. Mwache, amechoka."

Hata mimi ningemwacha. Lakini kulikuwa na kitu kinanigusa kisogo. Ilikuwa leso. Gari linaenda mbele, madirisha yote yamefungwa, na leso imevimba kuja kwetu kama tumbo la mzee aliyeshiba. Nikaangalia dashibodi: vumbi laini kila mahali. Vumbi limeingia wapi?

Limeingia nyuma. Gari likikimbia linagawanya upepo, huu upande huu, ule upande ule, halafu nyuma yake panabaki pengo. Upepo unajikunja kurudi kujaza lile pengo. Ndiyo maana ukitoka safari ya barabara ya vumbi, mgongo wa gari ndio mchafu kushinda uso. Na ukiacha buti wazi, upepo huo unaingia ndani na chochote ulichokipata njiani. Na bomba la moshi liko wapi? Chini ya mguu wa mama.

Tulikuwa tumepita Kamukuywa kidogo. Nikasimamisha gari pembeni, nikazima, nikakimbia nyuma kwa miguu isiyonisikia. Nikakata kamba. Mama alikuwa amefungua mdomo, mate yanatiririka, macho nusu.

"Phelista! Kuja umtoe!"

Phelista alishuka, akakaa kwa nyasi akaanza kutapika. Katikati ya kutapika bado alipata nafasi ya kunigombeza. "Usimshike! Baba Kevin, huyo ni mkwe wako! Ngoja watu wapite!"

Nikaangalia huku, nikaangalia kule. Miwa tu. Mbuzi mmoja amefungwa.

Nikamkumbatia mama mkwe.

Nilimvuta kwa makwapa, plasta ikanigonga goti, nikamlaza mahali upepo unavuma, nikapiga magoti kwa vumbi nikampepea na koti langu. Nilipepea nikimwomba Mungu kwa Kibukusu, Kiswahili na kile Kiingereza kidogo cha diploma, nisije nikaambiwa sikutumia lugha inayofaa. Halafu akakohoa. Akafungua macho, moja kwa moja kwa uso wangu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Akaniangalia sana. "Kumbe uko na mvi."

"Zimemea leo, mama."

Tulirudi Kamukuywa kwa kliniki, safari hii madirisha yote wazi. Daktari akamwekea oksijeni, na sisi wawili akatuweka dirishani tupumue. Alipomaliza kumpima alituuliza mgonjwa aliketi vipi. Tulipomweleza, akavua miwani, akajipangusa uso polepole, akasema, "Mkalisheni kwa kiti." Akafunga buti yeye mwenyewe.

Kwa hivyo tukaingia Kabuchai jua likipoa, madirisha wazi, mama mkwe ameketi nyuma ya shingo yangu, pumzi yake naisikia. Shemeji Wekoye, ndugu mkubwa wa Phelista, alikuja na wazee wawili kumpokea. Akafungua mlango. Akaona alipoketi mama, akaona nilipoketi mimi. Akaona na vumbi la magoti yangu, lile lile lililo kwenye gauni la mamake.

"Nani amembeba mama?" akauliza.

Mimi sikuwa na nguvu hata ya kudanganya.

"Mimi ndiye nilimwita," mama akasema. "Nilimwambia, mwanangu, nibebe nisife. Akakataa. Nikamwambia tena, akakataa, ana heshima huyu. Mara ya tatu ndiyo akakubali, na alikuwa analia."

Wazee wakatazamana.

"Ni kweli?" Wekoye akaniuliza.

Mtu alikuwa amezimia, hata jina lake hangelitaja. Lakini nani anabishana na mama mkwe mbele ya watu?

"Ni kweli," nikasema. "Nilikataa mara mbili."