Gauni la Mgongo Wazi
Mkewe ndiye aliyekuwa akimnunulia mtoto nguo, na tangu wamzike mama huyo, baba mtu alifanya kila jambo kama aliyekufa ganzi. Dukani, muuzaji alimtolea mtoto huyo, binti wa miaka minane, gauni fupi lililoacha mgongo wazi.

"Ndiyo fasheni, baba. Atatoka mdada kabisa!"

Binti alilijaribu, akajitazama kwenye kioo huku akilivuta chini lifunike mapaja.

"Baba, mama angekubali?"

Baba alitafuta hasira moyoni, hata huzuni, asipate kitu.

"Sijui, mwanangu. Wewe unalipenda?"

"Nasikia baridi."

Magauni mengine yalikuwa ya namna hiyo hiyo, basi wakahamia upande wa nguo za wavulana, wakachukua shati la mikono mirefu. Binti alitoka amelivaa. Baba akamshika mkono, wakarudi nyumbani.