Bi Maimuna Arudi Kazini

Mashine mpya ya kukatia vitambaa iliingia kiwandani Jumatatu asubuhi, wafanyakazi wakiwa kwenye chai. Iliwekwa pale pale palipokuwa na meza ya Mwaisha, na meza ikatolewa nje, ikapangwa chupa za chai. Kiwanda kilikuwa cha sare za shule, pembezoni mwa mji wa Morogoro, na Mwaisha ndiye aliyekuwa mkataji. Alianza na mkasi, kikaja kisu cha umeme, kikaja na kisu kinachosoma patani, yaani mchoro wa nguo, kwenye kioo cha kompyuta. Kila mara alipelekwa mafunzo, akafaulu, akaambiwa sasa kazi ni yako mpaka uzeeke. Vyeti alivitundika sebuleni kwake Kilakala hadi saa ya ukutani ikakosa nafasi. Chini ya vyeti hivyo walikula watoto, wajukuu, na shemeji mmoja asiyejua kuaga.

Meneja, kijana aitwaye Rogers, alimpa shikamoo kisha akamweleza. Mashine hii inakata yenyewe, inataka msimamizi mmoja tu, na huyo atapatikana kwa mafunzo na mtihani. Mwaisha aliitikia marahaba, akajiandikisha. Lakini aliogopa, tena sana, maana safari hii maneno ya kwenye kioo yaligoma kukaa kichwani.

Jumamosi akapanda milimani, Kinole, kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Hapo ndipo alipozikwa mama mwenyewe, Bi Maimuna, ambaye enzi zake alikuwa mkataji wa mkasi na ndiye aliyemfundisha bintiye. Mwaisha alisoma dua, kisha akafuata na ya wazee: akamimina maji ya unga juu ya kaburi, akamwomba mama aje amsaidie asipoteze kazi. Sasa, Mluguru yeyote atakwambia kwamba ukishamwamsha mzee huondoki hivi hivi. Unakaa naye mpaka jua lizame, unamimina maji mara ya pili, unamwambia arudi akalale. Usipomsindikiza, atabaki na kazi uliyomwitia mpaka iishe. Ila kipindi cha mafunzo kilikuwa saa kumi, na bodaboda alikuwa anapiga honi. Mwaisha akajifunga kanga, akashuka.

Alipoingia darasani, alimkuta Bi Maimuna ameshaketi dawati la mbele. Sanda ameifunika kwa kanga, na viwiko vina udongo mwekundu. Mwalimu, Bi Pramila, alimwomba namba ya simu amwingize kwenye kundi la wanafunzi. Aliposema hana, akaambiwa atumie ya bintiye, na somo likaendelea.

Alikuwa mwepesi, bwana. Hakuwa na usingizi, macho hayakumuuma, wala hakuwa na mtu wa kumpikia. Wenzake walipokwenda makwao, yeye alibaki na mashine. Kila Mwaisha alipokwama, mama mtu alimweleza upya, taratibu, kama alivyomwelekeza zamani kushika mkasi, na jambo likaingia. Mwaisha alifurahi, akaona kweli mama ni mama. Siku ya mtihani walifaulu wote wawili, kwa alama sawa.

Rogers aliwaita ofisini, akawapa viti. Alisema kampuni inatafuta mtu wa kudumu. Dada Maimuna hali chakula, haumwi, hastaafu. Na kwa kuwa marehemu hafunguliwi akaunti benki, hata suala la mshahara halipo.

"Huyu ni mama yangu mzazi," Mwaisha alisema.

"Naelewa, mama. Lakini yeye amefariki ana miaka arobaini na moja, na wewe unagonga hamsini. Sisi tunaangalia mbele."

Bi Maimuna angependa kukataa, lakini alikuwa ameitwa ili kazi isipotee na hajasindikizwa. Alimtoa bintiye mpaka getini.

"Kwetu kitu hutoka kwa mama kikaenda kwa binti," alimwambia. "Sijapata kuona kikipanda juu. Ungeningojea jua lizame, mwanangu."

Mwaisha alijibu kwamba angechelewa kipindi.

Nyumba ya Kilakala ikapata mpangaji mwingine. Shemeji akajua kuaga, watoto wakatawanyika kutafuta riziki, wajukuu wakaacha shule ambayo sare zake zilikatwa na bibi yao. Shamba la Kinole halikuwa na mtu, kwa hiyo Mwaisha akapanda kulilima. Vyeti alivizibia nyufa za banda, vikazuia upepo vizuri.

Mwaka uliofuata ikaja mashine nyingine, na Bi Maimuna akaambiwa aende mafunzo. Kazi aliyoitiwa ilikuwa haijaisha. Jumamosi alipanda Kinole na kibuyu chake, akamkuta Mwaisha anapalilia maharage. Akammiminia maji ya unga miguuni, akamwomba aje amsaidie kazi isipotee.

Mwaisha akaweka jembe chini, akakaa, akasubiri maji ya pili. Jua lilikuwa bado juu. Huko barabarani bodaboda akapiga honi.

"Nisamehe, mwanangu," Bi Maimuna alisema. "Kipindi ni saa kumi." Akashuka mbio.

Mwaisha alijipangusa udongo viwikoni, ukakataa kutoka. Akajifunga kanga, akamfuata.